Daftari la Matanuri

Sanduku namba kumi na saba lilikuwa na uzito uleule wa siku zote, lakini ndani yake hamkuwa na kitu kilekile.

Mtunza nyaraka wa manispaa alilifungua Jumatatu asubuhi mbele ya wakili aliyeleta barua yenye mihuri yote. Akatoa kitabu kinene cha orodha ya namba za simu, toleo ambalo hakuna aliyelitumia kwa miaka mingi. Akakitazama. Akakirudisha, akafunga kifuniko, kisha akafungua tena, kana kwamba sanduku lingeweza kubadili nia.

Daftari la matanuri halikuwamo.

Inspekta wa upelelezi alifika muda mfupi baadaye. Alipanda ngazi taratibu, mkono mmoja kiunoni, kwa kuwa mgongo ulikuwa ukimsumbua tangu wiki iliyotangulia. Nyuma yake alipanda Koplo, mwanamke wa makamo aliyefanya naye kazi miaka tisa, na aliyejua siku za kumtania na siku za kumwacha. Leo aliamua kujaribu.

"Afande, juzi tulikuwa kwenye maiti, leo tuko kwenye madaftari. Tunapanda cheo au tunashuka?"

"Tunapumzika," alijibu Inspekta.

Hakuonekana kama mtu anayepumzika.

Alilijua daftari hilo, kama alivyolijua kila mtu wa umri wake mjini hapo. Zamani, nyumba za mtaa wa soko zilibanana kiasi kwamba jirani mmoja akipiga chafya, wa pili alimwombea afya bila kuinuka kitini. Kwa hiyo kikosi cha zimamoto kiliweka kanuni: kila mwenye tanuri, jiko kubwa au tanuu la kuchomea vyungu, apige simu anapowasha, apige tena anapozima. Karani wa simu aliandika saa zote mbili daftarini.

Kisha ukaja moto mkuu. Ilikuwa miaka arobaini na mmoja iliyopita. Ulionekana mara ya kwanza saa tano asubuhi, ukawaka siku mbili, ukala mitaa sita na kuua watu thelathini na mmoja. Wapo waliosema ulianzia kwenye nyaya za umeme za bohari moja. Wengine walisema ni pasi ya mkaa. Tume ya uchunguzi ikasema ulianzia kwenye tanuri la mikate la mjane mmoja ambaye watu walimwita Mama Tanuri. Alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na miwili kwa uzembe uliosababisha vifo. Alifia gerezani katika mwaka wa nne.

Binti yake wa pekee alikuwa ameomba hukumu hiyo ipitiwe upya. Kesi ingesikilizwa Alhamisi. Ijumaa lingezinduliwa jiwe la kumbukumbu sokoni, na maneno ya tume yangekaa juu yake daima. Bila daftari, mahakama isingekuwa na kitu cha kutazama isipokuwa ripoti ya tume ileile.

"Mara ya mwisho uliliona lini?" Inspekta alimuuliza mtunza nyaraka.

"Alhamisi iliyopita, saa mbili na nusu asubuhi. Nililitoa, nikalifuta vumbi, nikalirudisha. Sanduku nikaliweka pale, kwenye meza ya wasomaji."

"Kwa nini mezani?"

"Yule mama, binti wa marehemu, alikuwa na miadi."

"Akalisoma?"

"Hakulisoma. Barua yake haikuwa na muhuri wa mahakama. Nikamwambia, mama, bila muhuri sifungui. Akakaa."

"Akakaa?"

"Akakaa tu, Inspekta. Zaidi ya saa nzima. Analitazama sanduku kama mtu anayetazama mlango wa wodi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Mafundi wa dawa ya mchwa walikuwa chini. Nilikuwa nikipanda na kushuka siku hiyo mpaka magoti yakaniuliza nina nini. Saa saba mchana tulifunga ofisi kwa ajili ya dawa. Nililirudisha sanduku kwenye rafu."

"Bila kulifungua."

"Uzito ulikuwa uleule."

"Wageni wengine wa siku hiyo?"

"Mpima ardhi mmoja, alitaka ramani. Huyo nilisimama naye mwanzo hadi mwisho. Basi. Wageni wawili."

Inspekta alifungua kitabu cha wageni. Chini ya tarehe ya Alhamisi palikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa mpima ardhi: kuingia 8:20, kutoka 8:50. Wa tatu ulikuwa wa binti wa Mama Tanuri: kuingia 9:40, kutoka 11:15. Kati yao palikuwa na sahihi isiyosomeka, iliyojikunja kama waya wa simu: kuingia 3:10, kutoka 3:35.

"Na huyu wa katikati?"

Mtunza nyaraka alishusha miwani. "3:10? Hiyo ni saa tisa alasiri. Alhamisi saa tisa alasiri humu mlikuwa na moshi wa dawa na makufuli mlangoni. Atakuwa mtu wa siku nyingine aliyejaza mstari mtupu. Watu huandika popote."

Inspekta alikubali. Akaandika kwenye kijitabu chake: *wageni wawili*. Tendo hilo dogo angelikumbuka baadaye na kuona aibu.

*

"Lakini Afande," alisema Koplo walipokuwa garini, "mtu aibe daftari ambalo analililia mahakamani?"

"Labda analililia hadharani na kuliogopa moyoni. Likifunguliwa na kusema yaleyale, litamfunga mama yake mara ya pili. Likipotea, anaweza kusema lolote apendalo."

"Unaamini hivyo?"

Inspekta alitazama nje. Nyumba ya bibi yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizoungua. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Katika nyumba waliyohamia, mtu akiunguza chakula aliulizwa kama ametumwa na Mama Tanuri. Alikua na jina hilo kama mtu anavyokua na kovu: halimuumi, na haoni tena kwamba lipo.

"Naamini kitabu cha wageni," alisema.

Walimkuta binti wa Mama Tanuri kwenye chumba chake cha ushonaji, katikati ya marundo ya sare za shule. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakushangaa. Aliuliza tu kama angeruhusiwa kuzima pasi kwanza. Akaichomoa ukutani, akagusa waya, akagusa soketi, akarudi tena kuigusa kabla ya kufunga mlango.

Koplo aliona hayo yote.

Chumba kilipekuliwa. Daftari halikuonekana. Alama za vidole zilizokuwa kwenye kitabu cha simu zilipelekwa maabara, na maabara ikaahidi majibu kufikia Jumatano. Mama huyo aliwekwa mahabusu.

*

Jumanne asubuhi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Koplo alimwekea kikombe cha chai. Inspekta akafungua jalada.

"Ulichukua daftari?"

"Sikulichukua."

"Ulikaa nalo mezani zaidi ya saa nzima."

"Nilikaa na sanduku."

"Hukuligusa?"

"Nililigusa. Kifuniko. Nilitaka kujua kama ni zito."

"Ulitaka nini ndani yake?"

"Kurasa nyingine."

"Zipi?"

"Zozote. Tume ilinakili mstari mmoja tu, wa siku ya moto. Mimi nilitaka kuona siku nyingine zimeandikwaje." Alinywa chai kidogo, akakiweka kikombe chini. "Wewe ni mjukuu wa yule bibi wa vyungu."

Inspekta aliinua macho.

"Mlikuwa wanne," aliendelea, sauti yake ikiwa ileile ya kuelezea kitambaa. "Mlinifuata mpaka bombani. *Binti Tanuri, nipe moto! Binti Tanuri, nipe moto!* Wewe ulikuwa na sauti nyembamba kuliko wenzako."

Koplo alianza kupanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Nilikuwa mtoto," Inspekta alisema hatimaye.

"Najua. Sikulaumu. Nakwambia tu kwamba nakukumbuka."

Kwenye korido mtu alikuwa akipiga muhuri karatasi moja baada ya nyingine.

"Niambie mama yako alisema nini mbele ya tume."

"Umesoma ripoti."

"Nataka kutoka kwako."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikaa benchi la nyuma." Alinyoosha futi yake mezani kama anayepima. "Mama alisema, tanuri nimelizima saa mbili. Wakasema, hapana, saa nane. Akasema, saa mbili, nikapiga simu mwenyewe zimamoto, nikaambiwa asante. Wakampa karatasi. Unajua kusoma? Najua. Soma hiyo namba. Akasoma: mbili. Akafurahi, maskini. Akasema, si mnaona wenyewe, mbili! Watu wakacheka. Mwenyekiti akamwonyesha saa ya ukutani. Mama, mshale mfupi ukiwa kwenye mbili, ni saa ngapi? Mama akasema, ni saa nane. Mwenyekiti akasema, basi, umejibu."

"Ripoti inasema alikiri."

"Ndiyo huko kukiri kwenyewe."

Inspekta alifungua ukurasa mwingine wa jalada.

"Majirani hawakusema? Mikate huokwa alfajiri."

"Walisema. Tume ikajibu kwamba basi alikuwa akioka mara mbili, na uokaji wa alfajiri hakuutolea taarifa. Na simu ya saa nane, mji ukiwa unaungua, wakasema aliipiga kujificha. Wakamwongezea kosa." Aliikunja futi. "Karani aliulizwa kama saa zile ameziandika kwa kanuni. Akasema, kwa kanuni. Maneno mawili. Akaruhusiwa kwenda."

"Kanuni ipi?"

"Ya ofisi. Kuandika kama uso wa saa unavyoonyesha. Sisi tunasema mbili, ofisini inaandikwa nane. Si ndivyo mlivyofundishwa shuleni?"

Ndivyo walivyofundishwa. Inspekta aliitazama saa yake ya mkononi. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tisa, na moyoni mwake alisoma, bila kufikiri, saa tatu. Miaka yote amekuwa akisema tatu na kuandika tisa, na hajawahi kujikwaa. Lakini mtu anaweza kujikwaa. Mtu anaweza kuandika kama anavyosema.

Alisimama ghafla, mgongo ukamkemea.

"Koplo. Kitabu cha wageni."

"Kipo kwenye vielelezo, Afande."

"Kilete."

Kilipokuja alikifungua kwenye Alhamisi, akaweka kidole kwenye mstari wa katikati.

"Nisomee. Usisome kama ulivyofundishwa. Soma kama unavyomwambia mumeo."

"Saa tatu na dakika kumi," Koplo alisoma. "Hadi saa tatu na..." Akatazama mstari wa juu, akatazama wa chini. Mpima ardhi ametoka saa tatu kasoro dakika kumi. Mama huyu ameingia saa tatu na dakika arobaini. Mstari wa katikati uliingia kati yao kama droo inavyoingia kwenye meza yake. "Ee Mola wangu. Haukujazwa siku nyingine. Uko mahali pake."

Inspekta alipiga simu manispaa.

"Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nani alikuwa hapo?"

"Hakuna mgeni, Inspekta," alijibu mtunza nyaraka. "Alikuwapo Mzee Halo tu."

"Mzee Halo ni nani?"

"Karani wa zamani wa simu, zimamoto. Tulimpa jina hilo kwa vile mtu akigonga mlango wake haitiki karibu, anaitika halo. Hupita kunisalimu. Nilimwachia chumba dakika chache, nikashuka kwa mafundi."

"Uliniambia waliingia wawili!"

"Uliuliza wageni. Mzee Halo si mgeni, ni wa nyumbani."

Inspekta alirudisha mkono wa simu mahali pake, polepole. Kisha akamgeukia mama aliyekuwa bado ameketi.

"Dada, uko huru. Nimekuweka hapa bure, na kosa nililolifanya ni lilelile walilomfanyia mama yako. Nisamehe."

Mama aliinuka kitini. "Nimezoea," alisema. Hakukuwa na ukali ndani yake, na hilo lilimuumiza Inspekta zaidi. "Ila nina sare ishirini za kumaliza. Na kesi ni kesho kutwa."

"Najua."

"Basi fanya haraka, mjukuu wa bibi wa vyungu."

*

Nyumba ya Mzee Halo ilikuwa ndogo na safi. Uani mwanamke alikuwa akianika nguo. Aliwakaribisha, akasema babake yuko ndani. Koplo alibisha.

"Halo," sauti ilijibu.

Aliketi karibu na dirisha, mzee wa miaka sabini, mashati mawili mwilini ingawa kulikuwa na joto. Kwenye meza ndogo, juu ya kitambaa kilichofumwa, palikaa simu nzito ya zamani. Waya wake ulikuwa umekatwa na kuzungushwa vizuri.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

"Tunatoka polisi."

"Nilijua mtakuja. Nilidhani mtakuja jana."

"Jana tulipotea njia. Mzee, nina fomu hapa, na macho yangu yamechoka. Niandikie saa tuliyofika."

Mzee alichukua kalamu. Aliinua macho kwenye saa ya ukutani, ambayo mshale wake mfupi ulikuwa umepita kumi na ule mrefu uko kwenye tano. Akaandika kwa mwandiko mzuri wa kikarani: *4:25*.

Inspekta aliisukuma karatasi mbele yake, akaweka kitabu cha wageni kando yake.

Mzee alitazama namba zile mbili. Akaiweka kalamu chini.

"Nilipostaafu nilikuwa naandika vizuri," alisema. "Miaka mingi sana naandika kwa kanuni, na hakuna aliyenikosoa. Alhamisi nilikuwa na hofu, nikasahau. Mkono ukarudi kwao."

"Kwa nini uliandika kabisa? Hakuna aliyekulazimisha."

Mzee alishangaa kweli. "Karani haingii ofisi ya watu bila kuandika."

"Daftari liko wapi?"

"Kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda. Nimelifunga kwenye taulo."

Koplo aliingia chumbani, akarudi na taulo. Inspekta alimpa mzee onyo la kisheria, kwamba ana haki ya kunyamaza na kwamba atakayoyasema yanaweza kutumika mahakamani. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayehakiki maandishi ya mwenzake.

"Uliibaje?"

"Nilipata barua ya wakili. Ananiita shahidi, nitambue mwandiko. Nikaona mwisho umefika. Nilichukua kikapu, nikatia kitabu cha simu cha mwaka niliostaafu. Kijana wa nyaraka alishuka, nikabadilisha. Nilikuwa nimejipimia uzito hapa nyumbani, kwa mikono."

"Kwa nini hukulichoma?"

Mzee alimtazama kwa mshangao uleule. "Nimeona vya kutosha vikiungua, mwanangu."

Inspekta alifungua daftari. Safu za *limewashwa*, safu za *limezimwa*, safu ya maelezo. Jina la Mama Tanuri lilirudi kila siku, ukurasa baada ya ukurasa, bila kukosa: *limewashwa 9:00, limezimwa 2:00*. Tume ilikuwa imesoma hivi: saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, na moto umetokea saa tano, katikati kabisa. Lakini ukisoma kama mwokaji anavyoishi, ni saa tisa alfajiri hadi saa mbili asubuhi. Moto ulipoonekana, tanuri lilikuwa limezimwa kwa muda wa saa tatu.

"Tazama hapa, Afande," alisema Koplo, akainamia safu ya maelezo. Ulikuwa mstari wa dobi mmoja, siku tano kabla ya moto. Akausoma kwa sauti: "*Jiko la pasi limewashwa 12:15. Jua ndilo linachomoza. Nimemwonya juu ya moshi.*" Akainua kichwa. "Jua gani hilo linalochomoza saa sita mchana?"

Hakuna aliyecheka. Mstari huo ulikuwa umekaa hapo miaka arobaini na mmoja, ukimngojea mtu afungue ukurasa wa pili.

"Uliandika kama watu walivyosema," Inspekta alimwambia mzee.

"Mtu anakupigia simu anahema, anakwambia saa mbili. Unaandika mbili. Ukianza kujumlisha sita, wa pili kashapiga." Alifuta midomo. "Mkuu wa kikosi alitoa waraka. Nilikuwa nimeshapewa barua mbili za onyo. Ya tatu ilikuwa ya kufukuzwa."

"Na tume ilipokuuliza?"

"Mwenyekiti aliuliza, saa hizi umeziandika kwa kanuni? Mkuu wangu amekaa pale, ananitazama. Nikasema, kwa kanuni. Sikujua swali lile lina uzito gani. Naapa sikujua. Nilidhani wananipima mimi."

"Ulijua lini?"

"Siku ya hukumu. Waliisoma redioni. Nikachukua karatasi, nikapiga hesabu, nikaona nimefanya nini."

"Ukanyamaza."

"Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Tulikuwa tumeshapoteza wawili. Daktari kasema asipate mshtuko. Nikasema, akishajifungua nitakwenda. Akajifungua. Nikasema, mtoto akishasimama. Akasimama. Yule mama akafa." Alitazama simu iliyokatwa waya. "Baada ya hapo nilisema kila mwaka, mwaka huu. Kisha nikasikia habari ya jiwe. Nikafikiri, likishasimama watu wataacha kuuliza, na mimi nitakufa nikiwa karani mwema."

Kishindo kidogo kilisikika mlangoni. Mwanamke wa uani alikuwa amesimama hapo, beseni tupu miguuni pake, maji yakimdondoka vidoleni. Alikuwa na miaka arobaini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa yeye ni nani katika hesabu ile.

"Baba. Kwa ajili yangu?"

"Ulikuwa hujazaliwa, mwanangu. Sikutaka—"

"Hapana." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Hilo usinitwishe mimi. Tafadhali, baba. Hilo ni lako."

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote: "Kweli. Ni langu. Niliogopa barua ya tatu."

Koplo alijaza fomu ya maelezo. Alipofika kwenye nafasi ya muda wa kuanza, aliandika kwa maneno, bila kuambiwa na mtu: *saa nne na dakika arobaini asubuhi*. Mzee akatia sahihi yake iliyojikunja. Jumatano maabara ilithibitisha kwamba alama za vidole kwenye kitabu cha simu zilikuwa zake.

*

Alhamisi jaji alisoma mstari wa Mama Tanuri, akasoma mstari wa dobi, akamsikiliza mzee aliyeongea akiwa ameshikilia kizimba kwa mikono miwili. Hukumu ya zamani ikafutwa, na maneno ya tume yakaamriwa yaondolewe kwenye jiwe. Kuhusu chanzo cha moto, jaji alisema mahakama haijui, na kwa kuwa haijui, haitasema.

Nje ya mahakama binti wa Mama Tanuri alimuuliza Inspekta, "Basi ulianzia wapi?"

"Sijui. Bohari imeondoka, wenye nyumba wamekufa. Sidhani kama atapatikana wa kujua."

"Nilidhani nikifika hapa nitataka kujua." Alifikiri. "Sitaki tena. Nimechoka."

"Mimi pia."

Walikwenda pamoja kwa fundi wa mawe, yadi ya karibu na soko. Jiwe lilikuwa limelala juu ya magogo mawili, limeshang'arishwa. Mstari wa tatu ulisomeka wazi: *ulioanzia katika tanuri la mikate*. Mama aliusoma hadi mwisho. Inspekta alimpa fundi amri ya mahakama.

Fundi aliisoma akikuna kidevu. "Wakubwa mnaagiza kama mnaandika kwa penseli. Jiwe halifutiki. Nitalikwangua hadi maneno yaishe, lakini patabaki bonde. Mtu akipitisha mkono atalihisi."

"Libaki," alisema mama.

"Niandike nini humo?"

"Usiandike kitu."

Fundi alimtazama Inspekta, Inspekta akatikisa kichwa kukubali. Patasi ilianza kazi. Ilichukua muda. Vumbi jeupe lilitua juu ya viatu vyao, na hakuna aliyejikung'uta. Neno la mwisho lilipotoweka, mama aliweka kiganja chake ndani ya lile bonde, akakiacha hapo.

"Haya," alisema fundi, akitafuta penseli nyuma ya sikio na kipande cha ubao cha kuandikia. "Kesho nilipeleke sokoni saa ngapi?"

"Saa mbili," alijibu mama.

Fundi alianza kuandika, kisha akasimamisha penseli. "Asubuhi au usiku, mama? Niulize kabisa. Hawa watu wa manispaa huniita saa yoyote."

Mama alimtazama. Midomo yake ilifunguka, na kwa kitambo Inspekta hakujua kama anacheka au analia, kwa sababu sauti iliyotoka ilikuwa na yote mawili.

"Asubuhi, fundi," alisema. "Saa mbili asubuhi."